Mwalimu kapata sitini

Mwalimu aliingia dukani asubuhi, jua la Mtwara halijakolea, akatua bahasha yake ya kaki juu ya mashine ya kutolea kopi. Ni mstaafu, amefundisha hesabu Masasi miaka mingi, na mpaka leo huongea kama mtu aliyeshika chaki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku kidole kimeshatangulia kwenye mstari mmoja wa karatasi.

"Nisomee hapo."

Pameandikwa EF 60%. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam juzi yake. Huko alipimwa moyo kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na njia nzima ndani ya basi alikuwa anapambana na hiyo sitini peke yake. "Sitini ni C," akasema. "Nimewapa watoto C kwa sitini maisha yangu yote. Sasa moyo wangu umepata C, na mwezi wa saba huu nina mikorosho ya kupuliza salfa. Niwaachie vijana?"

Nikamwambia, mwalimu, kwa moyo hiyo ni A.

Herufi hizo mbili zimesimama badala ya "ejection fraction", yaani sehemu ya damu inayotolewa. Chumba kikubwa cha kushoto cha moyo hujaa damu, kisha hujikunja na kuisukuma iende mwilini. Hakitoi yote. Moyo wenye afya hutoa kiasi cha asilimia 50 hadi 70 ya damu iliyomo. Nyingine hubaki, pigo linalofuata linaikuta. Hakuna moyo unaopata mia, na unaokaribia huko humtia daktari mashaka badala ya kumfurahisha. Wa kuhangaikiwa ni mwenye chini ya 40. Ila nikaongeza neno, maana dada yangu mkubwa, muuguzi mstaafu, angenisuta: hiyo ni A ya somo moja. Moyo una masomo mengine, ya milango, ya mishipa na ya umeme, na kila moja lina mstari wake kwenye karatasi ileile.

Duka langu ni la steshenari: kopi, kuchapa, laminesheni, picha za pasipoti. Liko kwenye njia ya watu wanaotoka hospitali, kwa hiyo kila siku lazima nitoe kopi za karatasi za daktari. Mwenye karatasi akishalipa haondoki. Anasimama tu, hasemi kitu, nami najua anasubiri nisome. Mimi si tabibu. Ninachokijua nimekiokota kwa dada na kwenye kamusi, na suala la dawa huwa namrudisha mtu kwa aliyemwandikia. Lakini hizi karatasi za watu zimenifundisha jambo ambalo sikulitegemea: maneno marefu ya Kiingereza hayamdhuru mtu. "Echocardiography" humtisha, basi. Hajui maana yake, na anajua kwamba hajui, kwa hiyo anauliza. Yanayodhuru ni yale mafupi ambayo alifundishwa darasani na anaamini anayajua. Anayasoma, anayatafsiri mwenyewe kichwani, anakunja karatasi na kwenda nyumbani na ugonjwa asiokuwa nao.

Chukua matatu yanayochanganywa kuliko yote: "heart attack", "heart failure" na "cardiac arrest". Kwa tafsiri ya darasani ni moyo kushambuliwa, moyo kufeli na moyo kukamatwa. Jirani yangu fundi simu aliposikia hilo la tatu aliuliza ni kituo gani cha polisi. Nimewahi pia kusikia tangazo la msiba likisema marehemu amefariki kwa "shinikizo la moyo", ugonjwa ambao haupo: aliyeandika amechukua shinikizo la damu na shambulio la moyo akavitia kwenye chungu kimoja.

Huwa nawaeleza watu kwa pampu ya kisima, maana Mtwara nyumba nyingi zina kisima au zina jirani mwenye kisima. Maji yasipofika kwenye tangi juu, fundi ana mahali patatu pa kuangalia: bomba limeziba, pampu yenyewe imechoka, au umeme umekatika. Hilo la umeme kwa mtu wa kusini halihitaji maelezo.

"Heart attack" ni bomba. Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini nyama yake yenyewe haijinyweshi kutoka vyumbani mwake. Inalishwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje. Mmoja ukiziba, kile kipande cha nyama kilichokuwa kinategemea mshipa huo hukosa oksijeni na huanza kufa, dakika baada ya dakika. Moyo uliobaki unaendelea kupiga. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa anatembea, anaongea, hata anadai chenji yake, huku shambulio linaendelea ndani. Neno "attack" limewafanya watu wasubiri kishindo, mtu ashike kifua na kuanguka kama kwenye filamu. Mara nyingi ni kifua kubana kama kimekaliwa, maumivu yanashuka mkononi au yanapanda shingoni na kwenye taya, na jasho la baridi linatoka. Wengine, hasa wanawake na wenye kisukari, hawapati hata hayo maumivu: ni uchovu usioeleweka, pumzi kukatika, kichefuchefu. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, si wa kulazwa mkekani aone kama itapoa.

"Heart failure" ni pampu. Kiswahili chetu tumekwisha kulimeza neno hilo: mtoto amefeli. Aliyefeli hana tena nafasi, anarudi nyumbani. Kwa hiyo mtu akisoma moyo wake umefeli anaanza kugawa mashamba. Moyo wenyewe haujasimama wala haujafukuzwa. Unasukuma, ila chini ya kiasi ambacho mwili unataka. Damu inayorudi inapanga foleni, maji yanatoka kwenye mishipa na kujaa pasipo pake. Miguu huvimba hadi ukibonyeza ugoko, alama ya kidole inabaki kama kwenye unga. Usiku mgonjwa hawezi kulala chali, anapanga mito miwili mitatu, au anakesha kwenye kiti. Watu huishi na hali hiyo miaka, kwa dawa, kwa kupunguza chumvi na kwa kupima uzito, kwa sababu kilo mbili zinazoongezeka ndani ya siku chache ni maji, sio ugali. Ningekuwa na mamlaka juu ya Kiingereza, neno hilo "failure" ningelifuta. "Moyo uliochoka" lingetosha.

Na "cardiac arrest" ni moyo kusimama. Neno hilo kabla ya kuhamia polisi lilikuwa na maana ya kusimamisha kitu. Mara nyingi umeme wa moyo umevurugika, nyama inatetemekatetemeka badala ya kupiga, na damu haiendi popote. Huyu hadai chenji. Ameanguka, haitiki, hapumui kama mtu anavyopumua. Hapo kuna kazi moja tu: kuita msaada na kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka mwenye vifaa afike. Bomba lililoziba linaweza kuvuruga umeme, kwa hiyo la kwanza linaweza kuzaa la tatu. Lakini la tatu lina dakika, la kwanza lina saa, na la katikati lina miaka, na mtu anayeyachanganya anakimbia pasipo na haraka na kukaa penye haraka.

Nisikitupie Kiingereza lawama zote. Lugha yetu nayo imeuchezea moyo vya kutosha. Mtu anayetaka kutapika husema roho inamchafuka, na kwingine moyo ndio unaochafuka. Chembe ya moyo, ukimwambia mtu akuonyeshe, anagusa juu kidogo ya tumbo. Kiungulia, ambacho ni tindikali ya tumbo kupanda kooni, Kiingereza hukiita "heartburn", moyo kuungua, na moyo haumo kabisa. Lugha mbili zisizojuana zimekosea mahali pamoja, kwa kuwa moyo na tumbo ni majirani wa ukuta mmoja na maumivu ya nyumba hii husikika nyumba ile. Ubaya wake ni kwamba kosa hilo linaweza kugeuka: shambulio la moyo kweli huja likijifanya kiungulia. Kiungulia ambacho hujawahi kukipata, chenye jasho na pumzi fupi, kisipewe soda.

Halafu kuna mshipa. Mzee mmoja wa Mikindani aliletwa dukani na mjukuu wake, amenuna. Daktari alikuwa amemwambia ana tatizo la mishipa. "Mimi sina mshipa," akaniambia, na akaonyesha kwa mkono ni mshipa upi asiokuwa nao. Kwa wazee wa pwani mshipa ni ngiri, na wengine hata busha huliita hivyo. Mjukuu akaangalia dari. Kwetu damu hupita kwenye mshipa, fahamu hupita kwenye mshipa, ngiri ni mshipa, na asiye na haya amekatika mshipa wa aibu. Kiingereza hapa kinatupita kwa uangalifu: kina neno la mshipa unaotoa damu moyoni, "artery", la ule unaoirudisha, "vein", na lingine kabisa la neva. Vitabu vya sayansi vya shule vinasema ateri na vena, na nadhani ni maneno ya kuyachukua bila kuona haya. Ateri ndiyo inayopiga muuguzi anapoweka vidole kifundoni mwa mkono. Vena ndiyo ile inayotuna mkononi mwa mvuvi anapovuta nyavu, na ndimo sindano ya damu huingia. Ikikatika ateri, damu huruka kwa mapigo. Ikikatika vena, inatiririka. Mzee wetu, nilipomaliza, akasema daktari angeanza kwa kusema ateri na yeye asingekasirika.

Hilo jina la ateri lina kosa lake la kale. Wagiriki wa zamani walipopasua maiti waliikuta tupu, wakadhani inabeba hewa, wakaipa jina la bomba la hewa la kooni. Karne nyingi watu waliamini pia kwamba ini hutengeneza damu mpya na mwili huinywa yote, kama bustani inavyokunywa maji ya ndoo. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba ukuta wa katikati ya moyo hauna matundu, na kwamba damu ya upande wa kulia lazima ipite mapafuni ndipo ifike kushoto. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alikamilisha duara kwa hesabu ambayo mwalimu wangu wa Masasi angeipenda. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Moyo wake, akiwa amekaa tu, husukuma lita tano hivi kwa dakika. Kama damu ingekuwa hairudi, ini lingetakiwa kujaza ndoo ya lita 20 kila baada ya dakika nne. Haiwezekani, basi ni damu ileile inazunguka. Harvey hakuwa na vipimo hivi vya leo, na hesabu zake zilikuwa chini zaidi, lakini hata hizo zilitosha kuonyesha upuuzi wa imani ya zamani. Ndilo neno "circulation", mzunguko. Mtu akiniambia miguu yake ina ganzi kwa sababu damu haitembei, namuuliza kwanza kama ana kisukari, maana mara nyingi zilizoumia ni neva, damu inazunguka kama kawaida.

Sasa presha. Hapa ndipo maneno madogo yanafanya vurugu kubwa, kwa sababu kila mtu anayo maoni.

Neno lenyewe ni msukumo wa damu kwenye kuta za mshipa, kama gesi inavyosukuma kuta za bomba linaloanzia Madimba kwenda Dar. Hakuna aliye hai asiye na presha. Kinachotafutwa ni kiasi. Mwaka 1733 kasisi Mwingereza, Stephen Hales, alichapisha jinsi alivyopima cha farasi jike: alitia kibomba cha shaba kwenye ateri yake, akakiunganisha na bomba refu la kioo, damu ikapanda juu mita mbili na nusu hivi kutoka usawa wa moyo. Njia hiyo haifai kliniki. Wapimaji waliofuata walitumia zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji mara 13.6, ili bomba liwe fupi. Ndiyo maana mpaka leo, hata mashine ikiwa ya betri, kipimo kinaandikwa kwa milimita za zebaki. Ukisikia 120, fikiria safu ya maji ya mita 1.6 imesimama juu ya moyo wako, karibu na urefu wako mwenyewe. Mkanda wa kufunga mkononi aliuleta Mwitaliano Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Korotkov akaeleza zile sauti zinazosikika kwenye mkono mkanda unapolegezwa. Sauti ya kwanza kusikika ndiyo namba ya juu, moyo unaposukuma. Zinapotoweka ndiyo namba ya chini, moyo unapojaza.

Muuguzi anatamka "one forty over ninety". Huyo "over" wa darasani ni juu ya, au kuzidi, na nimekutana na mama aliyekwenda nyumbani akiamini presha yake imezidi tisini. Maana yake hapa ni kistari tu: 140 kwa 90. Mwingine anaona namba ya chini 80 anadhani ana presha ya kushuka, na ya juu ni presha ya kupanda, kwa hiyo anazo zote mbili. Namba mbili ni za presha moja, zimepigwa picha kwa nyakati mbili za pigo moja.

Na "hypertension" imebeba neno ambalo vijana wetu wamelichukua kwa maana ya wasiwasi: nina tenshen, bwana. Kwa hiyo mtu mtulivu, asiyegombana na mtu, anakataa kabisa. Yeye hana mawazo, presha ametoa wapi? Lakini mkazo unaosemwa ni wa ukuta wa mshipa, si wa kichwa. Mtu mpole kuliko wote Shangani anaweza kuwa na 170, na hasikii kitu, hata kichwa hakimuumi. Halafu wanaandika "essential hypertension", naye anasoma "essential" kama muhimu, ya lazima. Kwa madaktari neno hilo linasema tu kwamba hakuna chanzo kimoja kilichokamatwa, si figo wala tezi, na wagonjwa wengi sana wa presha wako kundi hilo. Kulikuwa na madaktari hadi karne iliyopita walioamini kwamba mzee anahitaji presha kubwa ili damu ipenye kwenye mishipa iliyokakamaa. Walikosea, jina likabaki.

Mpaka wenyewe umechorwa na watu. Sisi, kama Shirika la Afya Duniani linavyosema, tunaanzia 140 kwa 90. Marekani mwaka 2017 walishusha mstari hadi 130 kwa 80, na usiku mmoja mamilioni ya Wamarekani wakalala wazima wakaamka na presha. Ukipata maelezo ya mtandaoni yanayokuita mgonjwa wakati kliniki imekuambia uko salama, huenda yote mawili yanasema kweli, kila moja kwa mstari wake. Kuhusu chumvi hakuna ubishi mkubwa: chini ya gramu tano kwa siku, kijiko cha chai kisichojaa vizuri. Ukiandikiwa "low salt" huku kwetu, penye mashamba ya chumvi pwani nzima hadi Lindi, ujue wanazungumzia na ng'onda, na korosho za chumvi. Korosho yenyewe haina kosa.

Ugonjwa unaozaliwa na presha kuliko wote ninaouona ni kiharusi, na hapa Kiingereza kimenishangaza. "Stroke" ni pigo. Waingereza wa zamani walimwona mtu ameanguka upande mmoja umekufa, wakasema amepigwa na mkono wa Mungu. Bibi zetu wakasema amepigwa na upepo. Pigo lilelile, mpigaji tofauti. Si la moyo. Ni la ubongo, mshipa wa huko umeziba au umepasuka. Waingereza wana kifupisho chao cha kukumbuka dalili, sisi tunaweza kuwa na M tatu bila kuazima: mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno yamepotea. Mojawapo likitokea ghafla, hospitali kwanza. Anayetaka kusoma dua asomee ndani ya gari.

Vyumba vya moyo vina majina ya kupendeza ambayo hayamtishi mtu akishajua yalikotoka. "Atrium" ilikuwa ukumbi wa kupokelea wageni katika nyumba ya Warumi, kwa hiyo ni baraza la moyo, damu inakaribishwa hapo kabla ya kuingia ndani. "Ventricle" ni kijitumbo. Mlango ulio kati ya baraza na kijitumbo cha kushoto unaitwa "mitral" kwa sababu umefanana na kofia ya askofu, na watu wa Ndanda na Masasi kofia hiyo wanaijua. Mlango huo ndio unaoharibiwa na ugonjwa ambao huanza kama koo la mtoto: maambukizi ya koo yasiyotibiwa, homa na viungo kuuma wiki chache baadaye, kisha miaka ikipita mlango umekakamaa au haufungi, damu inarudi ilikotoka. Kurudi huko huandikwa "regurgitation", na karibu nalo huwa kuna neno la kiwango. Likiwa "trivial" au "mild" ni dogo, na kuvuja kidogo sana huonekana hata kwa watu wazima wa afya. Likiwa "severe", mtu asikae nyumbani na karatasi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili hufanya upasuaji wa milango hiyo.

Mama mmoja alikuja analia kimyakimya, barakoa mbili usoni. Kwenye karatasi ya mumewe ameona "coronary". Ilikuwa kipindi kile ambacho neno korona halitajwi kwa sauti. Yote mawili yametoka kwenye taji: mishipa inayoulisha moyo imeuvika kama taji, na kirusi kile kina miiba inayofanana na taji. Undugu wao unaishia hapo. Alicheka, kisha nikalazimika kumwambia kwamba mishipa hiyo ndiyo ile ya bomba kuziba, na kicheko kikapungua.

Mengine ni ya kupita haraka. "Murmur" ni mnong'ono, sauti ya damu ikipita mlangoni, na watoto wengi wanao usio na madhara. Madaktari huuita "innocent", hauna hatia. "Sinus rhythm" haihusiani na mafua, ni mwendo wa kawaida wa moyo. "Unremarkable" linasikika kama tusi, kumbe ni habari njema: hakuna cha kutaja. Dawa za kufanya damu kuwa nyepesi haziifanyi damu kuwa maji, zinachelewesha kuganda, kwa hiyo mwambie hata daktari wa meno unazitumia. Na lehemu, ambayo kwa fundi redio ni ile ya kuunganishia nyaya, kwa daktari ni "cholesterol", mafuta yaliyopewa jina la nyongo na Wazungu kwa kuwa yaligunduliwa kwenye vijiwe vya nyongo. Sehemu kubwa ini lako linaitengeneza lenyewe. Nazi haina lehemu hata chembe, lakini mafuta yake huipandisha; huu ni ubishi ambao Mtwara hautakwisha kwa makala.

Mwalimu alisikiliza yote hayo huku anasogeza kiti kukwepa jua. Nilipomrudishia karatasi nikaona chini kabisa pameandikwa TCA 3/12. Nikamuuliza anarudi lini Dar.

"Tarehe tatu mwezi wa kumi na mbili. Wameandika."

Hizo herufi ni kifupi cha "to come again", kurudi tena. Na 3/12 si tarehe: madaktari huandika siku kwa saba, wiki kwa hamsini na mbili, miezi kwa kumi na mbili. 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili. Nikaanza kumweleza, akaninyamazisha kwa mkono.

"Tatu ya kumi na mbili," akasema polepole. "Rahisisha. Robo. Robo ya mwaka." Akavua miwani. "Miaka yote ile nimewachapa watoto kwa kutorahisisha sehemu."

Akaomba kalamu, akaandika Oktoba juu ya bahasha, akaipigia mistari miwili chini, kama anavyosahihisha daftari.